Baruti Utaichagua Mwenyewe

Furaha mwanangu,

Umekwenda Joubert Park kusukwa nywele, na yule dada wa Lubumbashi anayekusuka hana haraka na kichwa cha mtu, kwa hiyo nina saa nne za kukuandikia bila wewe kuchungulia begani. Nakuandikia kwa Kiswahili. Najua utasoma polepole, utakasirika kidogo, utanipigia simu kuuliza neno moja au mawili. Sawa tu. Miaka kumi na minane nimekusemesha Kiswahili na wewe unanijibu kwa Kiingereza. Leo nasema mimi peke yangu.

Mambo ya blanketi, dawa za tumbo na kunipigia ukifika sitayarudia. Umeyasikia wiki nzima mpaka ukaanza kuyamalizia wewe kabla sijafika mwisho.

Nataka kujibu lile uliloniuliza Jumatano tukiosha vyombo. Ulisema, "Ma, niandikie tu namba. Baruti gani, kiasi gani. Nitaibandika ukutani kule, basi." Nikakwambia nitafikiri. Nimefikiri, na jibu ni hapana. Sikuandikii.

Usidhani nakunyima. Basi la Bloemfontein halipakii baruti, hilo unalijua, na hata lingepakia, bunduki utakayopewa na timu ya shabaha ya chuo si hii ya Bwana Abilio uliyoizoea. Mtutu wake ni mrefu kama huu, lakini ni mtutu mwingine, umepitisha risasi za watu wengine, umechakaa kwa namna yake. Namba tuliyonayo tuliipata kwa mtutu huu na kwa baruti ya kopo hili. Ukiitia kwenye bunduki ngeni inaweza kukupa shabaha mbaya tu, na inaweza pia kukulipukia karibu na jicho. Unayajua haya kuliko wengi. Uliniomba namba kwa sababu unaondoka na unataka kitu cha kushika mkononi. Naelewa. Nitakupa kitu kingine, ambacho nimekificha miaka kumi.

Unajua nilianza kwa Bwana Abilio kama mfagiaji. Tulikuwa tumepanga chumba kilekile cha uani hapa La Rochelle, wewe ukiwa darasa la kwanza. Karakana yake ya bunduki ilikuwa mitaa mitatu kutoka kwetu, na nilipita nikaona karatasi mlangoni kwamba wanatafuta mtu wa usafi. Mzee huyo Mreno, mzaliwa wa Maputo, alitoka na miwani kipajini akaniuliza, "Unaogopa bunduki?" Nikamwambia naogopa sana. Akanipa ufagio.

Kwenye meza ya kujaza risasi alikuwepo Themba. Wewe ulimwita Malume, yaani mjomba, na alikuwa anakuletea vile vibiskuti vya tangawizi kutoka spaza, kile kiduka cha jirani yake kule Thokoza. Alikuwa amefanya kazi miaka kumi na miwili pale mezani. Wateja walileta maganda yao matupu, naye anayasafisha, anatia fataki mpya kitakoni, anapima baruti, anafunga kichwa cha risasi juu. Mimi nilifagia kuzunguka miguu yake na kumwangalia mikono. Siku moja akaniuliza kwa nini namwangalia hivyo. Nikamwambia nataka kujua ndani mna nini.

Alicheka, kisha akaona sicheki.

Nilimweleza kitu ambacho wewe nimekueleza kwa vipande tu. Kwetu Uvira, nikiwa mdogo kuliko wewe sasa, kaka yangu Amani alipigwa risasi mlangoni kwetu na kijana ambaye hata hakuwa anatulenga sisi. Alikuwa anajaribu bunduki. Tukavuka ziwa, nikakulia kambini Kigoma, huko ndiko nilikosoma na kupata Kiswahili hiki unachokiita cha redioni. Miaka yote ile bunduki ndiyo iliyokuwa inaamua tulale wapi, tukimbilie wapi, nani abaki na nani aondoke, na mimi sikujua hata kwa nini kitu kile kinatoa mlio. Nilichoka kuwa mtu wa namna hiyo. Ndivyo nilivyomwambia Themba.

Basi akaanza kunifundisha saa za chakula, Bwana Abilio akiwa mbele dukani. Kwa siri, kwa sababu mimi sikuwa na ruhusa ya kugusa baruti na daftari la meza lilikuwa na jina la Themba peke yake. Ni yeye aliyeniambia kwamba baruti hazitofautiani kwa nguvu tu kama watu wanavyodhani. Zinatofautiana kwa mwendo wa kuungua. "Ya bastola inaungua mara moja," alisema, "kwa sababu mtutu wake mfupi, kazi inaisha upesi. Ya bunduki ya mtutu mrefu lazima iungue taratibu. Umewahi kusukuma gari lililozimika? Ukiligonga kwa bega unaumia wewe, gari liko palepale. Ukiliegemea na kuendelea kuliegemea, linakwenda." Mpaka leo sijasikia mtu akieleza vizuri kuliko hapo.

Na alinipa sheria moja: kopo moja mezani. Likitumika, baruti iliyobaki kwenye chombo cha kumiminia inarudi kwenye kopo lake, kopo linafungwa, linarudi kabatini, ndipo lingine linatoka. Aliniambia mara moja tu, kwa sababu alidhani mara moja inanitosha.

Ilikuwa Alhamisi. Themba alikuwa akijaza risasi za bastola, akaitwa kupokea mzigo, akaniambia nimalizie. Kwenye meza, pembeni, lilikuwa kopo la baruti ya bunduki ambalo mimi mwenyewe nilikuwa nimelitoa mapema ili niwe mbele ya kazi, nimwonyeshe kuwa nina bidii. Makopo mawili mezani. Shule yako ikapiga simu: una homa, umetapika, nije nikuchukue. Nikamimina ile iliyobaki kwenye kopo lililokuwa karibu na mkono, nikafunga, nikaweka vyote kabatini, nikakimbia.

Nitakwambia ukweli ambao sikumwambia hata Bwana Abilio. Nilipofika kwenye roboti ya kona, zile taa za barabarani, moyo uliniuliza: ulimimina wapi? Nilisimama. Taa ikawaka kijani, watu wakavuka, mimi nimesimama. Kisha nikajiambia nimemimina sawa, mtoto anaumwa, nikavuka. Kurudi kuliangalia lile kopo kungenichukua dakika tano.

Kesho yake Themba alilitoa kopo lile akajaza risasi za daktari mmoja wa meno, mtu mpole aliyekuwa na bunduki ya shabaha ya mtutu mrefu. Jumamosi daktari akaenda nayo uwanjani. Risasi ya tatu ilipasua sehemu ya nyuma ya bunduki. Vipande vilimwingia shavuni chini ya jicho, na vidole viwili vya mkono wa kushoto vikavunjika.

Bwana Abilio alilimwaga lile kopo juu ya karatasi nyeupe, akasogeza taa, akaziangalia punje kwa kioo cha kukuzia. Zilikuwa aina mbili. Aina hizo zilifanana sana, lakini ukizitazama hivyo uliona. Akafungua daftari. Jina lilikuwa la Themba.

Sasa sikiliza, Furaha. Themba angeweza kusema, "Mfagiaji wako naye anapima." Hakusema. Alinivuta nyuma kwenye mapipa ya taka, akaniuliza kwa sauti ndogo, "Mama Furaha, Alhamisi, ile baruti ya bastola uliirudisha kwenye kopo lake?"

Nikamjibu, "Ndiyo."

Akasema, "Basi ni mimi."

Aliniamini palepale. Aliondoka Jumatatu, na baada ya miaka kumi na miwili vitu vyake vyote vilienea kwenye mfuko mmoja wa plastiki.

Nilikuwa na sababu zangu, na nilizipanga vizuri. Karatasi zangu za ukimbizi zilikuwa zinasubiri kuongezwa muda. Nilikuwa na wewe. Sikuwa na mtu mwingine hapa Johannesburg. Kila moja ya sababu hizo ni ya kweli, na kila asubuhi nilizihesabu nikienda kazini, na nikifika nilikuwa nimechoka kama nimebeba mchanga. Miezi mitano nilifanya hivyo.

Halafu siku moja nilimwona Themba kule Rosettenville, kwenye foleni ya teksi. Alikuwa amevaa miwani. Nikamsalimu, nikamuuliza tangu lini. Akanijibu kawaida kabisa, bila uchungu, "Nilikwenda kupima macho baada ya yale. Nilijua nilisoma lebo vibaya, kwa hiyo lazima macho yana shida. Mpimaji alisema hayana shida kubwa. Nikamwambia anipe tu." Akaivua, akaifuta kwa shati, akaivaa tena. "Inaniumiza kichwa," akasema, "lakini nitaizoea."

Sikulala, na sikupiga magoti kuomba pia. Nilikuwa na hasira, hasira na mimi mwenyewe, na ndiyo hasira iliyonifaa kuliko zote nilizowahi kuwa nazo. Asubuhi nikamwambia Bwana Abilio kila kitu isipokuwa ile habari ya roboti.

Hakunipigia kelele. Alikaa, akaniuliza, "Themba anajua?" Nikasema hajui. Akasema, "Utamwambia wewe. Na daktari utamwambia wewe. Kisha kaa nyumbani mpaka nikuite."

Kwa daktari nilikwenda kwanza, kwa sababu nilidhani ndiko kugumu. Alinipokea kwenye chumba cha kungojea, wagonjwa wakiwa wameondoka. Nilisema niliyokwenda kusema. Alininyooshea mkono wa kushoto, akajaribu kukunja vidole viwili, vikafika nusu. Akasema, "Huu ndio mkono ninaoshikia kioo kinywani mwa mtu." Akaushusha. Akasema, "Nashukuru umekuja. Sasa naomba uende." Nikaenda.

Themba nilimfuata Thokoza. Alitoka getini, akasikiliza yote, mkewe akiwa mlangoni nyuma yake. Nilipomaliza aliivua ile miwani, akaangalia barabara, akaangalia mti wa jirani, akaniangalia mimi. "Kwa hiyo naona," alisema. Nikamwambia Bwana Abilio anataka arudi. Akatikisa kichwa. Alikuwa amepata kazi kwenye kiwanda cha mikate. "Nilijichukia miezi mitano," alisema. "Ungenipa hata wiki moja ya hiyo." Akafunga geti, si kwa nguvu. Nimempelekea salamu kila mwaka mpya tangu hapo. Hajajibu, na sina haki ya kudai ajibu.

Hivyo ndivyo ilivyokwisha, na ndiyo maana hukumwona tena Malume. Nilikwambia amehama. Huo nao ni uongo wangu mwingine, nauondoa leo.

Sitakwambia uwe mkweli. Mimi nilifundishwa kuwa mkweli tangu nikiwa na meno ya utoto, na bado nilisimama kwenye ile roboti nikavuka. Ninachotaka ujue ni kile nilichofanya baadaye, kwa sababu watu wengi waliniambia nisifanye.

Bwana Abilio alisema ataniita. Wiki mbili zikapita. Dada zetu wa kanisani, wale wa maombi ya Jumatano, walikuja kunifariji wakasema Mungu ameninusuru na kazi ile, nirudi kwenye usafi wa majumba, niache mambo ya silaha. Mama Pasta alisema, "Tulikimbia bunduki, Mama Furaha. Wewe umekwenda kuzitafuta, na umeona." Nilimpa chai. Jumatatu iliyofuata nikaenda karakana bila kuitwa.

"Nilisema nitakuita," Bwana Abilio akasema.

"Umechelewa kuniita."

"Unataka nini?"

"Nataka meza ya Themba."

Alinitazama kana kwamba nimemtukana marehemu mama yake. Nikamwambia, na nakumbuka kila neno kwa sababu nilikuwa nimelisema njiani mara ishirini: "Ukiajiri mtu mwingine, utaajiri mtu ambaye hajawahi kukosea. Atakosea. Mimi nimekwisha kukosea, najua kunavyokuwa, sitarudia. Hakuna mtu katika mji huu atakayelinda makopo yale kama mimi."

Akanipa ufagio. Mwaka mzima nilifagia, na mwaka mzima kila Ijumaa nilimuuliza, naye kila Ijumaa alisema hapana. Nilimsumbua kiasi kwamba alianza kujificha bafuni saa ya kufunga. Mwaka wa pili akanipeleka kufanya mafunzo na mitihani, kwa jina langu, na jina langu likaandikwa kwenye daftari. Kuna watu walihamisha kazi zao kwingine waliposikia ni mimi. Waliorudi walirudi wenyewe. Sikumfuata hata mmoja.

Kisha ukaja wewe.

Ulikuwa na miaka kumi na mitatu ulipoanza kukaa karakana baada ya shule, na kumi na minne Bwana Abilio alipokupeleka uwanjani kwa mara ya kwanza ukalala nyuma ya bunduki yake ndefu. Nilikaa kwenye gari na madirisha yamefungwa. Uliporudi ulikuwa na alama nyekundu begani, na ulikuwa umenyamaza kwa namna ambayo sijawahi kuiona kwako, wewe unayeongea hata usingizini. Ukasema, "Ma, inabidi usifikirie kitu chochote." Nilijua hapo kwamba nimekupoteza kwenye jambo hilo, na kwamba sitakurudisha.

Kanisani waliniita kikao. Unakumbuka, ulikaa nje na simu yako. Mle ndani waliniuliza maswali, na la Mama Pasta ndilo lililonichoma: kwamba je, Amani angekuwa hai angesemaje. Nilimjibu kwa utulivu kwamba Amani aliuawa na mtu ambaye hakujua anachokifanya na kile alichoshika, na kwamba binti yangu anajua vyote viwili. Nikamwambia yule kijana wa Uvira hakupima chochote maishani mwake. Mwanangu anapima punje. Mzee mmoja akasema nina kiburi. Nikasema ndiyo. Bado naimba kwenye kwaya ileile, safu ya pili, na hakuna aliyeniondoa.

Lakini kiburi kina upande wake mwingine, na huo ulikuumiza wewe, kwa hiyo nauandika hapa.

Ule mwaka wa kwanza wa mashindano yako, baruti niliichagua mimi. Nilitaka mwendo. Wanaume wa uwanjani walikuwa wanakupa ushauri kila ukigeuka: msichana apewe risasi nyepesi, itampiga bega, atachoka. Nikasema nitawaonyesha. Nilichukua ile iliyokuwa inaipa risasi kasi kubwa kuliko zote nilizojaribu, bado ndani ya mipaka ya kitabu cha vipimo lakini juu kabisa ya mipaka hiyo. Tuliijaribu Julai, asubuhi, nyasi zikiwa na barafu, na ilikuwa nzuri, matundu matano ungeyafunika kwa kifuniko cha chupa. Nikafunga mjadala.

Wewe uliendelea kuandika kwenye daftari lako. Septemba ukaniambia, "Ma, baada ya saa sita zinapanda." Nikakwambia ni pumzi yako. Oktoba ukasema tena, ukanionyesha michoro: asubuhi katikati, mchana juu, mchana wa joto juu zaidi. Nikakwambia umechoka, au unavuta kifyatulio vibaya. Mimi, niliyeufumbia macho moyo wangu kwenye roboti na kuona matokeo, nilikufumbia macho wewe uliyekuwa unanionyesha kwa kalamu na karatasi.

Fainali ilikuwa Desemba, alasiri, joto lile linalokuja kabla ya mvua ya Johannesburg, risasi zako zikiwa juani kwenye boksi. Ulipiga ya kwanza juu. Ukarekebisha. Ya nne juu tena. Ya saba ilipotoka, ganda lilikwama, ikabidi Bwana Abilio aligonge ndipo litoke, akaliangalia kitako na kuniangalia mimi, kisha akakwambia usimame, usipige tena. Ulisimama mbele ya watu wote. Mmoja wao akasema, si kwa kunong'ona, "Nilisema."

Garini nilikuwa tayari unipigie kelele. Uliniambia tu, "Nilikuandikia, Ma." Eish, mwanangu. Afadhali ungenipiga.

Baruti ile ilikuwa inabadilika na joto: jua likipanda, nguvu yake nayo inapanda. Si mbaya, si ya uongo, ina watu wake na majira yake. Haikufaa kwa mtutu ule na kwa mji huu ambao asubuhi unavaa koti na mchana unatafuta kivuli. Na niliichagua kwa sababu nilitaka kuwaziba watu midomo. Huwezi kumchagulia mtoto baruti kwa ajili ya midomo ya watu.

Januari nilikupa funguo za kabati, mimi nikiwa nimekaa pembeni na mikono mapajani. Ulichagua mwenyewe. Ulianza chini kabisa, pale kitabu kinapoanzia, ukapanda hatua ndogondogo, risasi tano tano, ukiangalia kila ganda kabla ya kwenda mbele. Ulijaribu alfajiri na ulijaribu saa nane mchana. Uliacha moja kwa sababu ilikuwa nzuri siku mbili na mbaya siku ya tatu, na mimi nikauma ulimi kwa sababu niliipenda. Mwishowe ukaniletea ile ya polepole kuliko zote, isiyosifiwa na mtu yeyote pale uwanjani, ambayo kwenye mashine ya kupima mwendo haikumshtua mtu. Lakini risasi ya kwanza na ya ishirini zilikwenda sawa, baridi na joto sawa. Nikasema, "Ni ya polepole mno, watakucheka." Ukasema, "Wacheke. Mimi napiga." Mwaka huohuo, siku ya upepo wa Agosti, ulimaliza wa pili kati ya watu arobaini, na ndipo barua ya chuo ikaja.

Kwa hiyo namba unayoniomba, wewe ndiye uliyeipata. Mimi nilikuwa nimekaa kwenye kiti. Kule utapewa bunduki ngeni, na siku ya kwanza kutakuwa na mtu mkarimu atakayekwambia, "Hapa sisi wote tunatumia hii." Huenda yuko sahihi. Mshukuru, kisha ujaribu mwenyewe kuanzia chini, hata kama wenzako wote wameshamaliza wanakungoja garini. Na moyo ukikuuliza kitu ukiwa umeshafunga kabati, rudi ukafungue. Waache wangoje.

Kuna jambo moja la mwisho ambalo hulijui, la Jumamosi iliyopita, wewe ulipokuwa Newtown na rafiki zako mkiagana.

Nilikwenda uwanjani na Bwana Abilio. Nikamwambia leo nalala mimi. Miaka yote hii nimejaza risasi elfu na elfu na sijawahi kupiga hata moja, na hakuna aliyewahi kuniuliza kwa nini, hata wewe. Mzee akatandika mkeka, akaniwekea mto mdogo begani, akanivalisha vile vya masikioni.

Ya kwanza nilifumba macho. "Umefumba macho," akasema. Nikasema najua. Nilikuwa nimejiandaa kusikia Uvira. Nililala pale kifua kinagonga chini, ninangoja mlango wetu, ninangoja sauti ya mama. Haikuja. Ulikuja mlio, na kishindo begani, na harufu ile ya baruti ninayoijua kama ninavyoijua harufu ya jiko langu. Ya pili nilifumbua. Ya tatu, ya nne, ya tano. Tulipoileta karatasi ya shabaha, risasi moja ilikuwa imepotea kabisa, na nne zilikuwa chini kushoto, zimekaa pamoja kama watu wa familia moja. Nililia kidogo, si sana.

Kwenye mkeka wa jirani alikuwepo mgeni, mwanamume wa umri wangu, amekuja kutoka Rustenburg na bunduki ya bei ambayo sithubutu kuikisia. Aliinama akaiangalia karatasi yangu, akaangalia boksi la risasi.

"Hizi kakujazia nani, Mama?"

"Nimejaza mwenyewe."

Akaokota ganda moja, akaligeuza kitako kwenye mwanga, akaona ni safi. "Na baruti? Nani alikuchagulia?"

Bwana Abilio alifungua mdomo kujibu. Nikamtangulia. Nilisema, "Binti yangu."

Nasikia geti la uani, ni wewe unarudi. Barua hii nitaitia chini ya sweta za baridi, utaikuta ukifungua begi.

Mimi niliyekuzaa, na ninayebaki na meza,

Mama yako, Mapendo